Kisima Kisichotekwa Maji

Wengi wetu tulilelewa na visima vifupi. Kati ya 1974 na 1978, kwa ushirikiano wa Serikali yetu na Uholanzi, mamia ya visima hivyo yalichimbwa mkoani Shinyanga na kufungwa pampu za mkono. Vijiji vingi vikapumzika kufukua mchanga wa mito mikavu.

Visima tulivihesabu, kina cha maji hatukukiandika. Kisima kikikauka kiangazi, tulishtuka, tukachimba kingine kando yake.

Mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yalizinduliwa kwa ajili ya Kahama na Shinyanga. Mwaka huohuo ikaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, inayozipa bodi za mabonde kazi ya kukusanya takwimu za maji: Bonde la Kati kwa sehemu kubwa ya Shinyanga, Ziwa Victoria kwa sehemu ya Geita. Lakini vijiji ambavyo bomba halijafika bado vinategemea ardhi, na mashimo marefu ya dhahabu hayachimbiki bila kuvuta maji ya chini. Bila kumbukumbu, mwanakijiji anayelalamika hana shahidi.

Mchango wa mwaka huu ni wa visima vya uangalizi. Havitekwi maji, hupimwa tu kila mwezi, kutoka mdomoni hadi uso wa maji. Namba huandikwa daftarini, nakala ikaenda bodi ya bonde. Maji yakianza kushuka, tutajua kabla ndoo haijatoka tupu.

Wazee walituachia visima. Sisi tuwaachie watoto visima na daftari.