Ikhtiari ya Muhajiri: Wazigua wa Mto Juba na Nchi Waliyoitaka Kwanza

Tangu E. G. Ravenstein alipotoa kanuni zake za uhamaji mwaka 1885, na Everett Lee akazipanga upya mwaka 1966 kwa kutaja mambo yamfukuzayo mtu kwao, yamvutayo ugenini, na vikwazo vilivyo baina ya kwao na ugenini, wataalamu wengi wamekubaliana kwamba mwenye kuihama nchi yake hupima dhiki na neema kisha akaelekea penye neema zaidi. Juu ya hilo sina haja ya kumkawiza msomaji. Nisilolikubali hata kidogo ni dai la Egon Kunz, aliyeandika mwaka 1973 kwamba mkimbizi ni kama tufe lililopigwa, halina mwelekeo wake lenyewe bali huenda lisukumwako. Kwa mujibu wa dai hilo, mwenye raha ndiye peke yake mwenye kuchagua nchi, na mwenye msiba hupewa tu. Habari za Wazigua wa Somalia, ambao asili yao ni nchi ya Handeni, Tanzania, zinayapinga madai yote mawili, lile la neema na lile la tufe, kwa pamoja, na ninastaajabu kuona jinsi zilivyotumika kidogo katika mjadala huu.

Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 watu wengi wa Uzigua walijiweka rehani, au waliwekwa na jamaa zao, kwa wafanyabiashara wa pwani, wakapakiwa vyomboni hadi Benadiri, pwani ya Somalia, na huko wakajikuta watumwa wa mashamba. Waliotoroka walikimbilia misitu ya bonde la Mto Juba, wakiongozwa, kwa masimulizi yao wenyewe, na mwanamke aitwaye Wanankhucha, na masimulizi hayo husisitiza kwamba nia ya safari ilikuwa kurudi kusini, ingawa safari iliishia mtoni. Wakakaa hapo zaidi ya karne moja, wakilima, wakisema Kizigua chao, wakitajiana koo walizotoka nazo, ilhali majirani wakiwaita Mushunguli na kuwahesabu kuwa watu wasio na ukoo wa kuwatetea. Dola ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, na wenye silaha wakaliingia bonde la Juba kutafuta chakula, wakulima hao wenye maghala na wasio na bunduki ndio walioporwa na kuuawa kwanza.

Sasa na atazame msomaji utaratibu wa hiari zao, maana hapa ndipo ilipo hoja yangu. Wako walioshika njia ya Tanzania wenyewe, wengine kwa bahari, kabla ya shirika lolote kuwaahidi jambo, wakapokewa katika kambi ya Mkuyu wilayani Handeni, na tangu mwaka 2003 wakapewa ardhi katika makazi ya Chogo, katika wilaya ile ile, ambako baadaye wengi wao walipata uraia. Wako, kwa wingi zaidi, waliovuka mpaka wa Kenya na kuingia kambi za Dadaab pamoja na Wabantu wengine wa Somalia wenye asili ya Kimakua, Kiyao na Kinyasa. Na wazee wao, walipoulizwa wapelekwe wapi, waliitaja Tanzania. Serikali ya Tanzania, ambayo baada ya mwaka 1994 ilikuwa imeelemewa na wakimbizi wa Rwanda, haikuweza kuwapokea. Ikafuatia Msumbiji, asili ya Wamakua na Wayao, nayo iliyokuwa ndiyo kwanza inajiinua kutoka vitani ikashindwa vile vile. Ndipo mwaka 1999 Marekani ilipokubali kuwachukua. Yapata watu 12,000 wakahamishiwa kambi ya Kakuma, nayo pia nchini Kenya, mwaka 2002, na kuanzia mwaka uliofuata wakasafirishwa hadi miji mbalimbali ya Marekani.

Nchi tajiri kuliko zote, basi, ndiyo iliyokuja mwisho. Lau kanuni ya neema ingekuwa kweli tupu, ombi la kwanza lisingeelekezwa Handeni, nchi ya ukame wa mara kwa mara. Na lau tufe la Kunz lingekuwa kweli, pasingekuwapo ombi la kwanza wala la pili.

Atasema mpinzani kwamba waliiomba Tanzania kwa kuwa ilikuwa karibu na ilifikika, na kwamba Marekani hawakuitaja kwa sababu haikuwahi kuwapitia akilini. Nakiri kwamba lipo jambo katika neno hilo. Walakini ukaribu hauelezi kwa nini waliokuja kwa bahari wasiridhike na Mombasa, wala kwa nini nchi iliyofikiriwa ya pili iwe Msumbiji, iliyo mbali zaidi, pale ambapo nasaba za watu zilielekea huko. Naona ni dhahiri kwamba muhajiri hutafuta kwanza mahali ambapo anaweza kudai kuwa ni mwenyeji, na hesabu ya maslahi huja baada ya dai hilo kukataliwa.

Handeni ya leo ina mfano wa kinyume. Katika kijiji cha Msomera, ndani ya kata ya Misima, zimehamishiwa tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro, kwa hiari kama isemavyo Serikali, kwa shinikizo kama wasemavyo watetezi wa haki. Mimi nasema tu kwamba maskani iliteuliwa kwanza na watu wakaulizwa baadaye, na kwamba nyumba na shamba, hata vikiwa vizuri namna gani, havijibu swali ambalo wazee wa Dadaab waliruhusiwa angalau kulijibu: mwataka kwenda wapi?

Tukirudi kwa waliorejea Handeni, Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 humtazama mgeni muombaji kwa miaka ya ukaazi wake, lugha yake na mwenendo wake. Nasaba ya vizazi vinne au vitano vilivyopita haina uzito wowote mbele yake, hata waliorejea katika ardhi ya babu zao ikawabidi waombe kama wageni wengine. Sidai kwamba kila mwenye hadithi ya asili apewe hati. Nadai kwamba ushahidi wa lugha na koo, kama ule uliohifadhiwa Juba bila shule wala serikali, unastahili kusikilizwa na afisa mwenye kuamua, na uandikwe katika jalada la muombaji pamoja na miaka yake ya ukaazi.