Nani Anamkaribisha Mgeni? Nyumba za Kale za Uingereza, Shirakawa na Lamu

Mwaka 1965 John Smith na mkewe Christian walianzisha Landmark Trust nchini Uingereza. Kilichowauma ni majengo madogo ya kale yaliyokuwa yakibomolewa moja baada ya jingine. Hayakuwa makubwa kiasi cha kuishughulisha serikali, wala hayakuwa na starehe ya kumvutia tajiri. Dawa waliyoipata ni kukarabati jengo, kulipangisha kwa wageni wa siku chache, kisha kodi hiyo igharimie matunzo yake. Miongoni mwa nyumba za mwanzo kabisa ni Church Cottage, kijumba kilichoko Llandygwydd, Wales. Leo majengo yao yanakaribia 200.

Fikra iliyowaongoza ilikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1877 William Morris na wenzake waliunda chama cha kuyatetea majengo ya kale dhidi ya mafundi waliokuwa wakikwangua kuta za makanisa ili zionekane kama zilivyodhaniwa kuwa karne nyingi nyuma. Morris alishikilia kwamba jengo lina haki ya kuzeeka. Ulizibe linapovuja, ulitegemeze linapoinama, na alama za waliopita humo uziache mahali pake.

Hapo ndipo fundi wa Uingereza na mwashi wa Lamu, pwani ya Kenya, wanapoweza kukaa mkeka mmoja wakaelewana bila mkalimani, maana wote wawili wameumizwa na saruji. Ukuta wa kale wa Lamu ni wa matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hutokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo. Ukuta huo hunywa maji mvua ikinyesha na kuyatoa jua likiwaka. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unakosa njia. Chumvi iliyomo ndani ya mawe hugeuka chembe ngumu, chembe zinatanuka, jiwe linamumunyika huku lipu ya nje ikiwa bado inang'aa. Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani navyo vinaoza. Mwenye nyumba hujisifu miaka michache, kisha dari linaanza kulegea. Nyumba za mawe na za udongo huko Uingereza zimepata madhara yale yale kwa sababu ile ile, na tiba ni moja: bandua saruji, rudisha chokaa, subiri ukuta ukauke. Subira hiyo ndiyo inayowashinda wawekezaji wengi wanaotaka wageni waingie kabla ya msimu kuanza.

Lakini nyumba haimalizikii ukutani, na baada ya chokaa njia zinaachana.

Nyumba ya Landmark haina mwenyeji. Mgeni hufungua mlango, huwasha moto, hupika mwenyewe. Hakuna televisheni. Kuna kitabu cha historia ya jengo na daftari ambamo waliotangulia wameandika yaliyowapata. Kwa siku zile chache mgeni ndiye mwenye nyumba, na anatakiwa aizoee nyumba ilivyo, hata kama ngazi ni nyembamba. Naiheshimu nidhamu hii. Inafaa kwa jengo ambalo ukoo wake umekwisha kuondoka na hakuna anayelidai.

Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa kwa mpango mwingine kabisa. Barazani, kwenye daka, ndipo mwenye nyumba alipokutana na watu wa nje. Ukishapita mlango, njia inakunja kona ili jicho la mpita njia lisifike uani. Baada ya kiwanja cha ndani vinafuatana vyumba virefu vyembamba, wembamba uliotokana na urefu wa boriti za mikoko, na kila unachokipita kinakusogeza kwenye faragha zaidi. Mwisho kabisa ni ndani, mahali pa mama na bibi harusi, penye zidaka zilizonakshiwa kwa lipu nyeupe. Leo chumba hicho, kwa kuwa ndicho kizuri kuliko vyote, ndicho kinachowekwa kitanda cha mtalii. Kuta zimetengenezwa kwa chokaa safi, nakshi zimerudishwa kwa ustadi, lakini mpangilio umepinduliwa: mgeni analala pale ambapo hata shemeji hakufika. Ukarabati wa namna hiyo naona umeishia nusu.

Japani wamejibu kwa namna ya tatu. Katika kijiji cha Ogimachi, bonde la Shirakawa, zipo nyumba za mapaa marefu ya nyasi, yenye mwinamo mkali ili theluji iteleze. Kuliezeka upya paa moja ni kazi ya kijiji kizima, leo kwangu, kesho kwako. Mwaka 1971 wanakijiji walikubaliana mambo matatu: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Miaka 24 baadaye UNESCO ikaliingiza eneo hilo katika Urithi wa Dunia. Nyumba kadhaa hupokea wageni wa kulala, na katika nyumba hizo familia haikuhama. Mgeni anakula chakula kilichopikwa na wenye nyumba, kisha analala chini ya paa ambalo majirani waliliezeka kwa mikono yao.

Lamu iliingia orodha hiyo hiyo mwaka 2001, bila mapatano kama yale ya Ogimachi. Nyumba nyingi za mji huo na za kijiji jirani cha Shela zimenunuliwa na watu kutoka mbali. Haki isemwe: baadhi yao waliziokoa nyumba zilizokuwa magofu, wakawapa kazi waashi na wachonga milango ambao bila wao ufundi ungekufa. Hata hivyo mtaa ambao nyumba zake hufungwa msimu wa wageni ukiisha unakosa watu wa kukaa barazani, na hilo halitengenezwi kwa chokaa.

Wala hatuhitaji kuazima mpango wa Japani wote. Katika nyumba nyingi za kale za Lamu kilikuwapo chumba cha wageni, sabule, karibu na maingilio, ili mgeni aingie na kutoka bila kukatiza maisha ya familia. Mrithi wa nyumba ya mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, anayetaka kupata riziki kwa wageni angeanzia hapo: akarabati sabule kwanza, aweke choo na maji upande huo, familia ibaki ndani kwake. Kodi itakuwa ndogo kuliko ya kupangisha nyumba nzima. Paa litachukua miaka mingi zaidi kukamilika. Nyumba itabaki na mtu wa kuitikia hodi.