Kwaresima na Waliosubiri Ubatizo: Historia ya Siku Arobaini

Kwaresima, yaani kipindi cha siku 40 za kufunga, kusali na kutoa sadaka kinachotangulia Pasaka, ilikua polepole kutokana na desturi ambazo Wakristo wa karne za kwanza walitofautiana juu yake waziwazi. Katika barua aliyomwandikia Papa Vikta mwishoni mwa karne ya 2, Irenei, askofu wa Lyon, alieleza kwamba wapo waliofunga siku moja kabla ya Pasaka, wengine siku mbili na wengine zaidi, na kwamba tofauti hizo, ambazo walizirithi kwa waliowatangulia, hazikuwazuia kuishi kwa amani. Siku 40 zinatajwa katika kanuni ya 5 ya Mtaguso wa Nisea (mtaguso ni mkutano mkuu wa maaskofu) uliofanyika mwaka 325, na zinatajwa kama jambo ambalo kila msomaji alikuwa analijua. Lakini haikupita miaka 20 kabla ya Athanasi, askofu wa Aleksandria, akiwa uhamishoni Roma, kulazimika kuandika Misri kuwahimiza waumini wafunge siku hizo zote kama walivyofanya wenzao kwingineko duniani, wasije wakawa kichekesho.

Hesabu yenyewe ilitoka katika Maandiko, kwa kuwa Yesu alifunga siku 40 jangwani, na kabla yake Musa mlimani Sinai na Eliya katika safari ya kwenda Horebu. Hata hivyo, anayetaka kujua kwa nini jumuiya nzima ya waumini ilikubali kujinyima kwa muda mrefu hivyo hana budi kuwatazama wakatekumeni, yaani watu wazima waliokuwa wakifundishwa imani ili wabatizwe usiku wa Mkesha wa Pasaka, kwa sababu Kwaresima ilikuwa kwanza kipindi chao, na waliokwisha kubatizwa walifunga pamoja nao.

Ushuhuda ulio hai kuliko yote juu ya jambo hilo uliachwa na Egeria, mwanamke Mkristo kutoka pande za magharibi za Dola la Kirumi, aliyehiji Yerusalemu kati ya mwaka 381 na 384. Anasimulia kwamba majina ya waombaji yalipokwisha kuandikwa, kiti cha askofu kiliwekwa katikati ya kanisa kubwa, mapadre wakaketi huku na huku, na waombaji wakaletwa mmoja mmoja, wanaume pamoja na baba zao wa ubatizo na wanawake pamoja na mama zao. Askofu hakumhoji mwombaji mwenyewe, ila aliwauliza majirani zake kama mtu huyo anaishi vizuri, kama anawaheshimu wazazi wake, kama si mlevi wala mtu wa majivuno. Aliyeshuhudiwa vema aliandikwa jina lake kwa mkono wa askofu, na aliyeonekana ana dosari aliambiwa aende akajirekebishe kwanza. Kisha yakafuata mafundisho ya saa tatu kila asubuhi, ambamo askofu aliyapitia Maandiko yote, na baada ya majuma matano akaanza kuwafafanulia Kanuni ya Imani. Katika ibada za mji huo, Egeria anaongeza, askofu alisema Kigiriki tu, padre mmoja akafasiri kwa Kisiria kwa ajili ya wenyeji, na wageni waliojua Kilatini peke yake wakaelezwa na ndugu waliojua Kigiriki na Kilatini.

Yaliyofundishwa katika mji huo yanajulikana kwa sehemu kupitia katekesi za Sirili, askofu wa Yerusalemu, za mnamo mwaka 350. Katika hotuba ya kuwapokea waombaji, Sirili anakiri kwamba huenda yumo aliyekuja ili ampate mwanamke anayemtaka, au mtumwa aliyekuja kumridhisha bwana wake, au mtu aliyemfuata rafiki yake tu; naye anawapokea hao wote, akitumaini kwamba nia iliyoanza vibaya itanyooka njiani. Hapa ndipo upendo wa Mungu ulipofundishwa kwa namna ambayo haijapitwa na nyingine iliyokuja baadaye: mtu alikaribishwa kabla hajastahili, akapewa siku 40 za kusikiliza, kujichunguza na kuombewa, na tafakari yake binafsi ikafanyika katikati ya watu waliomjua kwa jina.

Ubatizo wa watoto wachanga ulipokuwa jambo la kawaida, wakatekumeni walitoweka karibu kabisa katika Kanisa la Magharibi, na toba ikabaki kuwa kiini cha Kwaresima. Papa Leo Mkuu, aliyeongoza kuanzia mwaka 440 hadi 461, bado alihubiri kwamba chakula alichojinyima mfungaji kinapaswa kumfikia maskini. Papa Gregori Mkuu naye, mwishoni mwa karne ya 6, alihesabu siku 36 za kufunga, kwa kuwa Jumapili hazifungwi, akaziita zaka ya mwaka. Baadaye ziliongezwa siku nne kuanzia Jumatano ili zitimie 40, na majivu, ambayo zamani yalikuwa alama ya wakosefu waliotubu hadharani, yakaenea kwa waumini wote, hasa baada ya sinodi ya Benevento ya mwaka 1091. Lakini sheria za nyama, mayai na maziwa zilizidi kuwa nzito, na katika Kwaresima ya mwaka 1522, baada ya soseji kuliwa Zürich nyumbani kwa mchapaji Christoph Froschauer, Ulrich Zwingli, padre wa mji huo aliyeongoza Matengenezo ya Kanisa huko, alihubiri kwamba Mkristo yuko huru katika habari ya vyakula. Zwingli alikuwa na hoja ya haki, ingawa ubishi huo juu ya chakula ulionyesha pia jinsi pande zote mbili zilivyokuwa zimemsahau mtu anayesubiri ubatizo.

Afrika Mashariki mtu huyo alirudi. Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliagiza wanaoongoka wafundishwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa, akiiga kwa makusudi Kanisa la kale. Agizo hilo lilikutana na mateso ya Wakristo huko Buganda, ufalme ulio katika Uganda ya leo, ambako wamisionari wake walifika mwaka 1879: usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, Karoli Lwanga, mlei aliyekuwa amebatizwa miezi michache tu iliyopita, aliwabatiza yeye mwenyewe baadhi ya vijana wakatekumeni waliokuwa pamoja naye, akiwemo Kizito, saa chache kabla ya kuhukumiwa kifo. Nje ya Buganda pia, kazi ya kufundisha ilishikwa kwa sehemu kubwa na makatekista, walei waliofundisha kwa lugha za watu wao, na mchango wao katika historia ya imani ya eneo hili haujaandikwa kwa kadiri unavyostahili.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia (utaratibu wa ibada za Kanisa), ulitamka kwamba Kwaresima ina sura mbili, ubatizo na toba, ukaagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, na taratibu zake zikatolewa mwaka 1972. Kati ya hapo, mwaka 1966, Papa Paulo VI alipunguza siku za lazima za kufunga zikabaki mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele chao cha kichungaji mwaka 1976, Kwaresima ilipata makao nyumbani mwa waumini, ambamo majirani husoma Injili ya Jumapili inayokuja na kuchanga kwa ajili ya mgonjwa au mjane wa mtaa wao. Na katika Mkesha wa Pasaka, waliobatizwa miaka mingi iliyopita husimama na mishumaa mikononi na kuulizwa tena, sawa na wanaobatizwa usiku uleule, kama wanamkataa shetani na kama wanamsadiki Mungu.