Kazimoto Bado Anangoja Mlangoni

Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu, nadhani alitazamia habari za makaburi ya kale ya Msasani, au za Mwalimu Nyerere aliyekuwa jirani yetu. Mtanisamehe. Mimi nataka kueleza habari za kijana ambaye hakupata kuzaliwa, naye ni Kazimoto wa kitabu cha Kichwamaji.

Mtungaji wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, na kwa muda ikapigwa marufuku mashuleni. Kichwamaji ilifuata mwaka 1974, ikapigwa chapa Nairobi. Kazimoto ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu aliyeko likizoni. Anakwenda kuomba kazi ya muda kwa Manase, mtu aliyepata kusoma naye, ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. Naye anakalishwa nje angoje. Tena Manase huyo huyo amempa mimba Rukia, ndugu yake Kazimoto. Basi Kazimoto anaazimia kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase. Lakini mtego unamnasa mtegaji: anampenda Sabina, anamwoa.

Sasa tuutazame wakati wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Wapatao mia nne walirudishwa makwao, na Mwalimu akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwezi wa Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, akaonya kwamba elimu tuliyorithi kwa wakoloni inamtenga mwanafunzi na jamii iliyomlea. Kezilahabi alikuwa kijana wa Chuo Kikuu katika miaka hiyo hiyo. Mimi hushika majalada kila siku, na najua kwamba jalada hueleza sera na idadi ya watu, lakini halielezi msomi anavyoona haya mbele ya baba yake mwenyewe. Hayo utayapata katika Kichwamaji, na kwa sababu hiyo nakihesabu kitabu hicho kuwa ni historia.

Mnakumbuka tulivyokisoma katika miaka ya tisini? Nakala ilikuwa moja, haina jalada, ikipita mkono hadi mkono. Tuliisomea pwani, chini ya kivuli cha ngalawa, tukichelea zamu za kufagia. Tulicheka vituko vya Kalia, mdogo wake Kazimoto, na kila mmoja akamtaja Kalia wa kwao. Tulimcheka na Kazimoto mwenyewe kwa maringo yake ya kisomi. Ukerewe ni mbali, lakini nako kuna wavuvi kama Msasani, na kuna vijana wanaotazama maji wakidhani maisha yako ng'ambo. Sisi taa za mjini tulikuwa tukiziona usiku, na bado tukipanda daladala tulisema, "Nakwenda mjini," kana kwamba tunasafiri siku tatu.

Hatukucheka kurasa za mwisho. Mtoto wa Kazimoto na Sabina anazaliwa na kichwa kikubwa, nalo ndilo jina la kitabu; kisha Kazimoto anajiua. Nakumbuka tulinyamaza, mmoja wetu akasema kitabu kimeharibika mwishoni. Leo naona hakikuharibika. Aliyesoma mpaka akakosa mahali pa kukaa, si kijijini wala mjini, alistahili kuchekwa na kuliliwa pia.

Naandika haya kwa sababu ya jambo moja linalonisumbua. Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja, tuliyesoma naye chini ya ngalawa ile ile, alikuja ofisini kwangu kumwombea mwanawe kazi ya muda. Nilikuwa na mgeni, kisha simu, kisha chai. Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa saba. Nilipotoka nikamkuta anatabasamu. Akaniambia, "Shikamoo, Mheshimiwa Manase." Tulicheka wote wawili, lakini hakuingia. Alichukua kofia yake akaondoka, na tangu siku hiyo sijamwona.

Tulipokuwa wavulana kila mmoja wetu alijiona Kazimoto. Hakuna aliyefikiri kwamba wengine tungekuja kuwa ndani ya mlango ule.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Kitabu chake kingali kinasomwa. Naomba mwenzetu yule, ikiwa gazeti hili litamfikia, aje mkutanoni. Safari hii nitakayengoja mlangoni ni mimi.