Mshahara wa asubuhi, unga wa asubuhi: namna nyumba za Zaire zilivyovuka miaka ya 1990

Vijana wenzangu, kila mgao ukikatwa nasikia maneno yaleyale, kuanzia foleni ya maji mpaka kanisani: "Hii haijawahi kutokea." Imetokea. Wazazi wetu wengi waliotoka Kongo waliipitia, nchi ikiitwa Zaire.

Tarehe 25 Desemba 1979, Krismasi kabisa, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 si pesa tena. Mipaka ikafungwa. Siku za kubadilisha zilikuwa chache, na kiasi kikawekewa kikomo. Mama wa kijijini aliyeficha akiba yake nyumbani, mbali na benki, akabaki na makaratasi.

Lubumbashi walikuwa na kinga nyingine, au walidhani wanayo. Gécamines, kampuni ya shaba, ilimpa mfanyakazi nyumba, unga wa mahindi, shule ya watoto na hospitali. Watu waliita kazi baba na mama. Halafu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, kufika 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Baba na mama wakaishiwa.

Septemba 1991 wanajeshi wa Kinshasa waliochoshwa na mishahara duni wakaanza kupora, raia wakafuata, moto ukafika Lubumbashi, Kolwezi na Kisangani. Januari 1993 ikarudi tena: wanajeshi walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, Tshisekedi akasema noti hiyo si halali, wenye maduka wakaikataa. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Yaani hela ya kununua gunia Januari, Desemba hainunui hata bakuli.

Sasa, watu walikula nini? Hapa ndipo napenda kukaa, maana vitabu vinamsema sana Mobutu na kusahau jikoni. Waliokuwa na mshahara hawakulala nao. Ukilipwa asubuhi, asubuhi hiyohiyo unanunua unga, chumvi, sabuni, mafuta. Kinachobaki unakibadilisha dola. Wanawake wa Lubumbashi, ambao kabla ya hapo wengi walitegemea posho ya mume, walikwenda kulima nje ya mji na kuuza barabarani, na katika nyumba nyingi hela yao ndiyo ikawa inalisha watoto. Muhogo ulikuwa benki ya maskini: unauacha ardhini hata mwaka mzima, unachimba wa leo tu, wala hakuna rais anayeweza kutangaza kwamba si muhogo tena. Likelemba nayo, ile mnayoiita upatu au chama, ilibidi izunguke haraka, maana ukisubiri miezi sita unapokea takataka.

Lakini shamba halipandi treni. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, na maelfu wakalala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja usafiri. Wengi walizaliwa palepale. Sisi hatuhitaji kuelezwa hilo. Ndiyo maana mimi siamini akiba ya aina moja, hata iwe nzuri vipi.

Kasai kwenyewe walifanya jambo la ajabu. Oktoba 1993 serikali ilileta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai ikaikataa, ikaendelea na noti zile za zamani. Kwa kuwa hazikuchapwa tena, bei kule zilipanda polepole kuliko sehemu nyingine za nchi.

Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, mkimwona mama anauza kopo la mahindi ya mgao, msikimbilie kusema ana ziada. Huenda ananunua mbegu au sabuni kabla bei haijapanda. Kwenye bloku yetu akina mama sita wana likelemba isiyo na hela kabisa: kila mgao ukitoka, kila mmoja anatoa kikombe cha mafuta na kikombe cha maharage, na mmoja anabeba vyote. Zamu inafika kwa kila mtu ndani ya migao sita. Daftari linatunzwa na yule mzee kuliko wote, ambaye 1993 alikuwa anauza muhogo Lubumbashi.