Tarehe ya Alama ya Leso Mjini Mombasa

Kabla leso haijajulikana, watu wa pwani yetu walikuwa wamekwisha kuzoea kuichagua nguo ya kigeni kwa uangalifu mkubwa, na mfanyabiashara aliyewadharau kwa kudhani kwamba watapokea chochote walicholetewa alirudi kwao na hasara. Tangu Sayyid Said bin Sultan alipofunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, marikebu za mji wa Salem huko Marekani zilishusha Unguja shehena za nguo ya pamba nzito isiyopaushwa, ambayo wenyeji waliiita merekani, nayo ikapanda bara pamoja na misafara ikapata sifa kubwa, hata wenye viwanda wa Uingereza walipojaribu kuiiga waliona taabu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika, na viwanda vya Bombay vikapata nafasi yao. Hayo yatosha kuhusu merekani, maana haikuwa na nakshi, na sisi twataka kusimulia nguo yenye nakshi.

Yasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi vya rangi, vilivyouzwa vikiwa bado havijatenganishwa katika gora, wakavikata vitatu vitatu na kushona safu mbili pamoja, hata ikapatikana nguo moja ya vipande sita ambayo hapakuwa na kiwanda chochote duniani kilichopata kuitengeneza. Wafanyabiashara walipoona haya hawakubishana na wateja wao. Waliagiza nguo ipigwe chapa nzima, yenye pindo pande zote nne na uwanja wa katikati uitwao mji, ikauzwa kwa doti, yaani mbili zilizo sawa. Mimi huona kwamba fundi wa kwanza wa leso ni yule mwanamke mwenye mkasi na sindano, ijapokuwa hakuna daftari lililoandika jina lake.

Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, mashuhuri kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mjini Mombasa, na duka lake likawa mojawapo ya yale yaliyoipa sifa njia ambayo leo yaitwa Biashara Street. Huyu ndiye ambaye aghalabu hutajwa kuwa aliyetia maneno katika leso, mwanzoni mwa karne ya ishirini, kwanza kwa khati ya Kiarabu, kisha, zama zilipobadilika, kwa herufi za Kirumi. Maneno hayo, ambayo wenyewe huyaita jina, hukaa ndani ya mji, chini ya kati, kwa herufi kubwa: methali, dua, kijembe, au shukrani ya mtoto kwa mamaye. Tangu hapo mwanamke hakununua rangi na maua tu, bali alinunua pia kauli, na aliyekuwa na neno la kumwambia jirani yake aliweza kulisema bila ya kufungua kinywa, kwa kupita tu mlangoni pake.

Pamoja na jina hilo, nguo ya Abdulla ilikuwa na maandishi mengine madogo ukingoni: herufi K.H.E., kisha maneno «Mali ya Abdulla», na nambari ya mchoro. Hapa ndipo ulipo ustadi wenyewe. Tajiri aliyeweza kuliandika jina lake kwa ukubwa wowote alioutaka, madhali nguo ni yake na gharama ni yake, alikubali kukaa pembeni, akamwachia mvaaji mahali pa heshima. Na kwa kukaa pembeni alama yake ikapata kuingia mahali pote ambapo leso huingia: arusini, uzazini, msibani. Tena ni ajabu kidogo kwamba nguo iliyokwisha kulipiwa na kuvaliwa miaka mingi yaendelea kutangaza kuwa ni mali ya mwenye duka, wala sijapata kusikia mwanamke aliyeona vibaya.

Kazi ya kupiga chapa ilifanywa mbali. Michoro na maneno yalisafiri kwa marikebu hadi Uingereza na Uholanzi, ambako viwanda vya Leiden na Helmond vilikuwa na mafundi waliochonga kwa unyofu mkubwa maneno ya lugha wasiyoifahamu, na nguo zikarejea baada ya miezi. Muda huo ulikuwa ndio hatari ya tijara yote, kwa kuwa mtindo wa wanawake haukungoja marikebu, na shehena iliyochelewa iliweza kukuta mji mzima umekwisha kupenda rangi nyingine. Michoro michache tu iliepuka mabadiliko hayo, na mkuu wake ni kisutu, wa nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambao biharusi wa pwani bado huvishwa.

Baada ya Vita Kuu vya pili leso nyingi zilitoka Japani. Kisha, mwaka 1968, kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, Kenya nayo ikawa na viwanda vyake, na siku hizi India imeshika sehemu kubwa. Nguo imehama nchi baada ya nchi, ilhali alama imebaki Mombasa, na mnunuzi hakuhisi kwamba amehamishwa, kwa sababu hakuwa akimwamini mwenye mtambo bali mwenye duka aliyechagua mchoro, rangi na neno.

Vyama vya siasa na makampuni vimeiona nguvu ya alama hiyo, navyo hupigisha leso, au kanga kama ziitwavyo pia, zao wenyewe, huku nembo au sura ya mgombea ikiwekwa katikati ya mji, kubwa kabisa, pale ambapo Abdulla hakuthubutu kujiweka. Kanga hizo aghalabu hugawiwa bure.