Kabuti, kaki na shanta: nguo kuukuu za jeshi na kazi Nachingwea na Ruangwa

Mtu akifungua sanduku la marehemu babu yake na kukuta koti zito la sufu lenye vifungo vya chuma, hujiuliza mambo mawili. Limetoka wapi? Na je, ninaruhusiwa kukaa nalo? Maswali ya namna hii tumeyapokea mara nyingi kutoka Nachingwea, Ruangwa na vijiji vya katikati, na yaliongezeka baada ya tangazo la Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) la Agosti 2023 lililowataka raia wasalimishe mavazi ya kijeshi ndani ya siku saba. Katika makala hii tunayajibu yote mawili. Tunaanza na lile la kwanza, kwani ni vigumu kuamua la kufanya na nguo usiyoijua asili yake.

Ni wilaya chache za Tanzania zilizopitiwa na nguo za jeshi na za kazi kwa wingi kama hizi mbili. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalipita hapa. Kisha ukaja Mpango wa Karanga na matrekta yake, halafu wapigania uhuru wa Msumbiji, na hatimaye mitumba. Kila kundi liliacha vitu vyake: makoti, mikanda, mabuti, mifuko ya turubai.

Rangi ya vumbi

Neno kaki limetufikia kutoka Uajemi na Uhindini, na maana yake ni rangi ya vumbi. Askari wa Kijerumani wa Afrika Mashariki walivaa kaki na tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha rangi hiyohiyo. Vita ilipoanza mwaka 1914 Waingereza waliifunga pwani kwa meli zao, na baada ya muda nguo, viatu na dawa kutoka Ulaya vikawa adimu kwa upande wa Wajerumani.

Ndipo kazi ya mikono ikachukua nafasi. Pamba ilisokotwa na kufumwa hapa hapa nchini. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba vitambaa hivyo vilitiwa rangi kwa mizizi ya mti ulioitwa ndaa, iliyotoa kaki nzuri ya hudhurungi. Ngozi za ng'ombe na za wanyama wa porini zililainishwa kwa magome ya mikoko kutoka pwani, zikashonwa mabuti. Yeye mwenyewe alijifunza ushonaji wa viatu, na anakiri kuwa alikusudia kushona kiatu cha kulia kikatoka cha kushoto. Mafundi viatu wetu watacheka, lakini kisa hicho kinaonyesha jinsi ngozi ilivyokuwa na thamani.

Mwaka 1917 vita hiyo ilifika katika maeneo haya. Ghala la chakula la Wajerumani huko Ruponda, leo wilayani Nachingwea, lilitekwa mwezi Oktoba. Siku chache baadaye, kati ya tarehe 15 na 18, yalitokea mapigano makali ya Mahiwa karibu na Nyangao, kwenye barabara ya Lindi kwenda Masasi. Upande wa Waingereza pekee ulipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa, wakiwemo askari kutoka Nigeria. Tarehe 25 Novemba Wajerumani walivuka Mto Ruvuma, wakaishinda ngome ya Wareno pale Ngomano, na wakabadili hata mavazi: walivaa sare za Wareno na kubeba bunduki zao. Kwa hiyo sare ya upande mmoja ilivaliwa na upande wa pili. Aliyedhani anaweza kumtambua mtu kwa koti lake angekosea hata wakati huo.

Kuhusu wapagazi hatuna nguo za kuonyesha. Maelfu kwa maelfu walibeba mizigo ya majeshi yote mawili, na wengi walikwenda na shuka moja na miguu mitupu. Jina lao tunalo mjini Dar es Salaam: Kariakoo, kutoka kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Huku kusini, walikopita na mizigo hiyo, kitu chao cha kuweka kabatini ni nadra sana.

Kabuti za Keya

Kizazi kilichofuata ni cha Keya, yaani King's African Rifles. Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Waliorudi walikuja na vitu ambavyo wazee wa kusini walivitaja kwa majina yao: kabuti, ambalo ni koti refu zito la baridi, shanta, mfuko wa mgongoni, chupa ya maji yenye ganda la sufu, mkanda mpana wa turubai wenye bizimu ya shaba. Neno kabuti lenyewe ni la Kireno. Nguo ya kukinga baridi ya Ulaya, iliyopewa jina na Wareno, iliyogawiwa na Waingereza, ikawa blanketi la Mmwera wakati wa kipupwe.

Vitu vya Kiingereza vya enzi hiyo vina alama rahisi kuikumbuka: mshale mfupi mpana wenye vidole vitatu, kama unyayo wa kuku, uliopigwa muhuri ndani ya mkanda, kwenye kifuniko cha shanta au nyuma ya bizimu. Mara nyingi mwaka upo pembeni yake. Huo ulikuwa muhuri wa mali ya serikali ya Uingereza. Ukiuona pamoja na mwaka kama 1942, una kitu cha vita hiyo. Ukikuta velkro au nailoni ya mabakabaka, ni kitu cha miaka ya karibuni, hata muuzaji aape namna gani.

Tusiyachanganye turubai na ngozi. Watu wengi huita kila mkanda wa zamani "mkanda wa ngozi", ilhali vifaa vya askari wa Kiingereza wa Vita ya Pili vilikuwa hasa vya pamba nzito iliyofumwa. Ngozi ilibaki kwenye mabuti, viatu vya ofisa na mikoba ya makarani.

Karanga zilipokuja na ovaroli

Mwaka 1947 Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika. Sehemu tatu zilichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Askari wa zamani wa Uingereza zaidi ya 100,000 waliomba kazi, na magazeti yao yakawaita jeshi la karanga. Vyombo navyo vilikuwa mabaki ya vita. Mabuldoza yalinunuliwa kutoka maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengine yakiwa yameshaota kutu, na vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki.

Hapo ndipo mstari kati ya nguo ya jeshi na nguo ya kazi ulipofutika Nachingwea. Dereva wa trekta alifanya kazi na kaptula ileile ya kaki, mabuti yaleyale na shanta ileile iliyowahi kubeba risasi, safari hii ikiwa na spana na mkate. Ovaroli, ambayo hadi leo fundi magari wa Nachingwea huivaa na kuifunga mikono kiunoni jua likikaza, inatoka katika ulimwengu huo wa mashine.

Mpango ulishindwa. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilifuta hasara ya takriban pauni milioni 36. Kusini kulibaki bandari ya Mtwara, nyumba za wazungu, na reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nguo zilibaki muda mfupi zaidi kuliko vyuma. Tunafahamu wasomaji wangependa kuona ovaroli ya Mpango wa Karanga imetundikwa mahali, lakini nguo ya kazi huvaliwa mpaka iishe. Koti likichanika hutiwa kiraka, viraka vikizidi huwa nguo ya shamba, kisha tambara la kufutia mashine. Ndiyo sababu kipande kimoja kilichobaki kizima kina thamani kuliko kinavyoonekana.

Shamba namba 17

Mwaka 1965 FRELIMO ilifungua kambi yake ya mafunzo Nachingwea, kwenye lililokuwa shamba la karanga namba 17. Samora Machel aliiongoza kambi hiyo, wakufunzi wa Kichina walifundisha hapo, na kuanzia mwaka 1967 wanawake wa Kikosi cha Wanawake, akiwemo Josina Muthemba aliyekuja kuolewa na Samora, walipata mafunzo ya silaha. Walivaa suruali na mabuti sawa na wanaume, jambo ambalo kwa wakati huo lilizungumzwa sana kuliko bunduki zenyewe.

Mavazi ya wapiganaji yalitoka kila upande: nchi za kisoshalisti, serikali za Afrika kupitia Kamati ya Ukombozi ya OAU iliyokuwa Dar es Salaam, na vikundi vya wananchi wa Ulaya Kaskazini. Nchini Sweden, kikundi cha Emmaus Björkå kilikusanya nguo zilizovaliwa na kuzipeleka kwa vyama vya ukombozi, FRELIMO ikiwemo. Maana yake, mitumba ilifika kwa wapiganaji kama msaada wa vita kabla haijajaa magulioni. Biashara ya mitumba ilishamiri baada ya masharti ya kuagiza bidhaa kulegezwa katikati ya miaka ya 1980.

Tusipambe historia hii. Kambi hiyohiyo ndipo mwaka 1975 wapinzani wa FRELIMO, akiwemo Uria Simango, walipoonyeshwa hadharani na kulazimishwa kukiri makosa. Hawakuwa huru tena, na baadaye waliuawa. Kwa hiyo kombati ya Nachingwea inaweza kuwa kumbukumbu ya ushujaa kwa familia moja na ya majonzi kwa nyingine. Anayeikusanya ajue hivyo kabla ya kuipiga picha na kuisifu.

Sheria inasemaje

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 178, inakataza asiye askari kuvaa sare ya jeshi au vazi linalofanana nayo bila ruhusa. Kifungu hichohicho kinamgusa anayeingiza nchini, kuuza au kuweka kwa ajili ya kuuza sare hizo, pamoja na vifungo na beji zake. Kimetoa nafasi kwa maigizo ya jukwaani. Hakitofautishi sare mpya na kuukuu. Tangazo la 2023 lilitaja kombati, makoti, kofia, viatu na hata mabegi, na likaelekeza visalimishwe kambini, kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa.

Wanaoumia zaidi hapa ni wauza mitumba. Mtu anafungua belo la makoti lililotoka Ulaya, ndani anakuta jaketi tatu za mabakabaka. Ulaya hizo ni fasheni tu, zinauzwa dukani kwa kila mtu. Nachingwea, mji wenye kambi ya jeshi na ya JKT, ni jambo la kujibu polisi. Ushauri wetu ni kuziondoa siku hiyohiyo na kuzipeleka kwa mtendaji au kituoni, ukiwa na shahidi na karatasi ya belo. Hasara ya jaketi tatu ni nafuu. Anayesema "nitazipaka rangi" asahau: kinachotazamwa ni mfanano, na mshono wa mifuko ya kombati haufichwi na rangi nyeusi.

Suruali ya kaki ya kawaida, ovaroli, mabuti ya mgodini wanayovaa wachimbaji wadogo wa Namungo kule Ruangwa, begi la turubai lisilo na alama: hivyo ni nguo na vifaa vya kazi, na hakuna sababu ya kuviogopa.

Kabuti la babu je? Usilivae, hata kwa utani harusini au kwenye mechi. Usiliuze kwa mgeni anayepita akikusanya "vitu vya kale". Lakini usilichome kwa woga pia. Mwone mtendaji wa kata au afisa utamaduni wa wilaya, eleza ni la nani na alilipata wapi, uliza utaratibu wa kulihifadhi au kulikabidhi makumbusho. Tanzania ndiyo mwenyeji wa Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika, na vitu vya kambi ya Nachingwea ni sehemu ya urithi huo. Pamoja na koti, andika jina la mwenyewe, kijiji, kikosi kama kinajulikana, na mwaka. Koti bila maelezo hayo ni sufu tu.

Mpaka jibu lipatikane, litunze. Sufu huliwa na nondo: likung'ute, lianike kivulini, lifunge kwa shuka safi ya pamba, si mfuko wa plastiki unaofungia unyevu. Ngozi huku kwetu huharibika zaidi masika, ikiota ukungu. Ufute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, kisha acha ngozi ipate hewa. Usiianike juani maana itakakamaa na kupasuka, wala usiipake mafuta ya kula au ya nazi, ambayo huoza na kuita panya. Nta kidogo ya nyuki inatosha. Bizimu ya shaba iliyofanya kijani isuguliwe kwa kitambaa laini tu. Na ule mshale wa unyayo wa kuku, pamoja na mwaka ulio pembeni yake, usiuguse kwa sabuni wala kwa brashi.